Siti ya Baiskeli Ipimwe kwa Mwili Wako

Wadogo zangu, leo tuzungumze habari ya siti ya baiskeli, na nitaviita viungo vya mwili kwa majina yake, maana mada hii tumeizungukazunguka muda mrefu na huku watu wanaumia. Ninaowasikia ni wengi. Yuko mwalimu anayeendesha kwenda shule ya kijiji cha jirani, akifika anafundisha vipindi vyote amesimama kwa sababu kukaa hawezi. Yuko mama wa Ifakara anayepeleka mboga sokoni, jioni akienda haja ndogo anahisi kama amemwagiwa pilipili. Yuko binti wa Tanga aliyemwambia fundi kwamba siti inamuumiza, fundi akamjibu kuwa wanawake wote huumia, atazoea tu.

Fundi huyo simlaumu sana, naye ndivyo alivyofundishwa. Ila alichosema si kweli, na ninawaomba msikikubali.

Maumivu ya kuzoeleka yapo. Ukianza kuendesha, au ukirudia baiskeli baada ya kuiacha miezi kadhaa, wiki moja au mbili za mwanzo utasikia uchovu kwenye mifupa miwili ya makalio, pale inapokutana na siti. Uchovu huo huisha wenyewe. Lakini ukipata ganzi sehemu za siri, mashavu ya uke yakavimba, ngozi ikachubuka mahali pale pale kila siku, au ukajikuta kila baada ya dakika chache unainuka na kujisogeza kutafuta nafuu, hayo hayazoeleki. Ganzi ni dalili kwamba mishipa ya fahamu na ya damu inabanwa. Ukiipata, jua siti haikufai, au inakufaa lakini imefungwa vibaya. Mara nyingi dawa yake ni spana na nusu saa ya subira. Kuwaka wakati wa kukojoa ni jambo jingine: linaweza kutokana na kuchubuka, na linaweza kuwa maambukizi ya njia ya mkojo, kwa hiyo hilo nenda ukapime zahanati. Ukiona damu kwenye mkojo, usisubiri hata siku moja.

Sasa kaa juu ya stuli ya mbao au ngazi ya saruji. Weka viganja chini ya makalio, uyumbe kidogo huku na huku. Utaigusa mifupa miwili, migumu, ya mviringo. Hiyo ndiyo iliyoumbwa kubeba uzito wako ukikaa. Katikati yake kuna msamba, uke, njia ya mkojo na mishipa mingi laini, na hapo hapakuumbwa kubeba mzigo. Kwa kawaida nyonga ya mwanamke ni pana kuliko ya mwanaume, tao la mfupa wa kinena limefunguka zaidi, na mifupa hiyo miwili imeachana zaidi. Siti ikiwa nyembamba, mifupa inaning'inia nje kila upande, siti inaingia katikati, na kilo zako zote zinatua kwenye nyama laini. Siti nyingi zinazokuja na baiskeli zimechongwa kwa kumfikiria mwanaume wa wastani, kwa hiyo wengi wetu tunakalia kitu ambacho hakikutufikiria kabisa.

Ndiyo maana nasema tupime. Siti ni kama kiatu: huwezi kununua kwa kuangalia rangi, wala kwa sababu jirani yako inamfaa.

Kupima hakuhitaji duka la kisasa. Tafuta kipande cha boksi, lile gumu lenye mawimbi ndani ambalo madukani hupakia sabuni au mafuta ya kula. Liweke juu ya stuli ngumu au benchi lisilo na mto. Vaa nguo nyepesi, kalia hilo boksi, inua visigino kidogo ili magoti yapande, kisha inama mbele kiasi kile unachoinama ukiwa umeshika usukani. Tulia hapo kama nusu dakika, halafu inuka moja kwa moja bila kuburuza makalio. Utaona mashimo mawili yaliyobonyea. Kama hayaonekani vizuri, pitisha vidole utayahisi, au paka unga wa chaki juu. Weka alama ya kalamu katikati ya kila shimo, uchukue futi kamba ya fundi cherehani upime kutoka alama hadi alama. Rudia, maana mara ya kwanza mtu hukaa upande.

Wengi wetu tunaangukia kati ya sentimita 10 na 15. Na msidanganywe na ukubwa wa makalio. Mwanamke mwembamba kabisa anaweza kuwa na mifupa iliyoachana sana, na mwenye umbo kubwa mifupa yake ikawa karibu. Nyama haionyeshi mfupa ulipo. Nimeona wauzaji wakimtazama mteja kwa nyuma na kumchagulia siti kwa macho. Huo si upimaji, na pia ni kukosa adabu.

Ukishapata namba yako, ongeza. Kama unaendesha umenyooka mgongo, kama wengi wanavyoendesha kwenda sokoni au shambani, ongeza kama sentimita 4 au zaidi. Kama usukani wako uko chini na unainama mbele, ongeza sentimita 2 au 3, kwa sababu ukiinama nyonga inajikunja na unakalia sehemu iliyo nyembamba zaidi. Mwenye sentimita 13 anayeendesha amenyooka atafute siti yenye upana wa 17 kwenda juu. Pima sehemu ya nyuma iliyo bapa, ile ambayo kweli utaikalia. Siti iliyobinuka kama tuta inaweza kuwa pana kwa futi lakini mifupa yako ikateleza pembeni. Na isizidi mno pia, maana siti pana kupita kiasi inasugua mapaja kwa ndani kila unapozungusha pedeli, na kwenye jua la Kilombero au joto la pwani hapo panachubuka upesi sana.

Nije kwenye jambo linalowaponza wengi kuliko yote: ulaini. Mtu akiumia, anachofikiria kwanza ni sponji. Ananunua kava la jeli, anafunga kipande cha godoro, anakunja kanga juu ya siti. Siku ya kwanza anaona raha, na siku ya nne hali ni mbaya kuliko mwanzo. Sababu yake ni hii: mifupa ni migumu na midogo, inadidimia kwenye sponji mpaka chini, na sponji iliyosukumwa inapanda juu katikati, inabana palepale tunapotaka paachwe. Kadiri safari inavyokuwa ndefu ndivyo inavyobana zaidi. Bonyeza siti kwa kidole gumba kabla ya kununua. Kama kidole kinafika kwa urahisi kwenye bati au plastiki ya chini, irudishe. Unataka inayobonyea kidogo kisha inakataa. Kwa safari ya robo saa, umenyooka, siti laini haina madhara makubwa. Kwa anayeendesha saa nzima kila asubuhi, ugumu wa kiasi ndio utakaomtunza.

Siti yenye mfereji au tundu katikati ni ya kutafuta hasa kama unapata ganzi. Wala si ugunduzi wa jana. Huko Marekani, miaka ya 1890, wanawake walipoanza kuendesha kwa wingi na madaktari kupiga kelele juu ya siti, ziliuzwa siti kama ile ya Christy, yenye matakia mawili ya kukalia mifupa na nafasi katikati. Wazo hilo likasahaulika kwa muda mrefu. Lilirudi kwa nguvu baada ya Georgena Terry, mhandisi wa Marekani aliyeanzisha kampuni ya baiskeli za wanawake mwaka 1985, kutengeneza siti zenye tundu. Wanaume nao wakaona faida yake, na leo ziko za kila aina. Angalia tu kingo za tundu. Kuna wanawake ambao kingo hizo zinawakata, hasa zikiwa kali na tundu likiwa pana. Kwa hao, mfereji wa kina kidogo ni bora kuliko tundu la moja kwa moja. Pua ya siti nayo, ile ncha ya mbele, ikiwa fupi hukupa nafasi, na kwa anayevaa gauni, dera au baibui inapunguza kunasa nguo wakati wa kushuka.

Sokoni kwetu utakutana na nini? Baiskeli za Phoenix kutoka China na za Kihindi kama Avon na Hero huja na siti kubwa ya springi. Kwa anayeendesha amenyooka, upana wake mara nyingi unafaa. Tatizo lake huwa ni kava linalopasuka na springi inayolegea upande mmoja, ukawa unaendesha umepinda kiuno bila kujua. Baiskeli za mtumba za Kijapani, zile zenye kikapu mbele na zisizo na bomba la juu, nyingi zina siti pana na usukani wa juu, na kwa mwanamke wa mjini mwenye safari fupi nazipendekeza bila kusita. Zile za gia, za matairi manene, hupendwa na mabinti kwa sura yake, lakini siti zake nyingi ni nyembamba na usukani uko mbali, kwa hiyo ukinunua hiyo weka bajeti ya siti nyingine tangu mwanzo. Siti za ngozi kama za Brooks wa Uingereza ni ngumu mwanzoni, kisha zinachukua umbo la mifupa yako na kudumu miaka mingi. Ukibahatika kuipata kwenye baiskeli kuukuu ya Raleigh, usiitupe, ila isinyeshewe.

Habari njema ni kwamba siti hubadilishwa. Karibu siti zote zinafungwa kwa kibanio chenye nati, na spana namba 13 au 14 inatosha kwa baiskeli nyingi za kwetu. Kwa hiyo usiikatae baiskeli nzuri kwa sababu ya siti mbaya. Mafundi wengi wana rundo la siti kuukuu kibandani. Nenda na kipande chako cha boksi chenye alama, mwombe fundi mtafute inayolingana, umwachie kitu kidogo kama dhamana ukaijaribu siku mbili. Mwambie hivi: "Kaka, nataka siti yenye upana huu nyuma, isiwe laini sana, na iwe na mfereji katikati." Huna haja ya kumweleza unaumia wapi. Ukitaka kumweleza, mweleze bila kuinamisha uso, hiyo ni kazi yake kama ilivyo kazi ya muuguzi. Akikucheka, mtaa una fundi mwingine.

Kabla hujatoa hata shilingi, hata hivyo, rekebisha kwanza siti uliyonayo. Wengi wanaosema siti ni mbaya, ubaya uko kwenye ilivyofungwa.

Anza na urefu. Wanawake wengi tunaiteremsha siti mpaka miguu yote ikanyage chini tukiwa tumekaa, kwa kuogopa kuanguka. Naielewa hofu hiyo. Lakini siti ikiwa chini hivyo, miguu haisukumi, uzito wote unabaki makalioni, na magoti yanalalamika. Egemeza baiskeli ukutani, kaa, weka kisigino juu ya pedeli ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke. Ukihamia sasa kwenye sehemu ya mbele ya wayo, ambayo ndiyo ya kusukumia, goti litakunjika kidogo, na hapo ndipo penyewe. Ikizidi kwenda juu, nyonga zitacheza kushoto na kulia kila mzunguko na utachubuka. Mwambie mtu akuangalie kwa nyuma. Ipandishe kidogokidogo, sentimita moja kila siku chache, mwili uzoee. Ukisimama, usibaki juu ya siti: shuka mbele yake, kanyaga chini kwa mguu mmoja. Jifunze hilo uwanjani kabla ya kwenda barabarani. Na bomba la siti lina alama ya mwisho ya kupandishia. Usiivuke, linaweza kuvunjika nawe ukiwa juu.

Halafu mwelekeo. Pua ya siti ikiangalia juu, hata kidogo, inakuchoma kwenye kinena muda wote. Hilo peke yake ndilo chanzo cha nusu ya vilio ninavyovisikia. Weka ubao mnyoofu juu ya siti na uazime pima maji ya fundi mwashi, au laza chupa ya maji iliyojaa nusu uangalie. Siti iwe sawa. Kama bado inabana mbele, inamisha pua kidogo sana, kiasi ambacho mpita njia hawezi kukiona. Ukiinamisha sana utateleza mbele, uzito utahamia mikononi, na utaanza kulalamika viganja na mabega. Mwisho, siti inasogea mbele na nyuma. Ukiona unajivuta kuufikia usukani, unakaa puani badala ya kukaa nyuma kwenye upana, isogeze mbele au uupandishe usukani. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, uendeshe siku mbili, ndipo uguse kingine, la sivyo hutajua kilichokusaidia.

Nguo. Mshono mnene wa jinzi unaopita katikati ya miguu ni adui. Chupi yenye lasi na mishono pembeni nayo ni hivyo hivyo. Chini ya gauni au sketi vaa skintaiti ya pamba isiyo na mshono katikati, inazuia mapaja kusuguana. Fundo la kanga lisiwe chini ya makalio. Kwa safari ndefu paka mafuta ya mgando kwenye mikunjo ya mapaja kabla ya kutoka. Ukifika, badilisha nguo yenye jasho, osha kwa maji safi, ukauke. Wanaonyoa kwa wembe wasinyoe siku ya safari, vipele na majipu huanzia hapo. Siku za hedhi pedi nene inajikunja na kingo zake zinakata, kwa hiyo tafuta nyembamba. Kaptula za baiskeli zenye pedi ya ndani, ukizipata mitumbani, huvaliwa bila chupi, na zifuliwe kila baada ya kuvaliwa.

Aliyetoka kujifungua asikimbilie baiskeli. Subiri nyuzi zipone na mhudumu akuone kliniki kwenye uchunguzi wa wiki ya 6, kisha uanze na safari fupi. Mwenye kovu la kuchanika wakati wa uzazi, au la kukeketwa, anaweza kuumia hata kwenye siti ambayo kwa wengine ni nzuri. Mdogo wangu, huo si udhaifu wako. Anza na siti yenye mfereji mpana, usukani uwe juu ili uzito ubaki nyuma, na uzungumze na muuguzi unayemwamini.

Limebaki lile ambalo akina mama hunong'onezana: kwamba binti akiendesha baiskeli atapoteza ubikira. Kizinda ni ngozi laini inayonyumbuka, na kila msichana ana chake kwa umbo lake. Wengine huzaliwa nacho kikiwa kidogo sana. Hakuna daktari anayeweza kukitazama akasema kwa uhakika kama msichana amewahi kukutana na mwanaume. Shirika la Afya Duniani, pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa, lilitoa wito mwezi Oktoba 2018 kwamba upimaji wa ubikira ukomeshwe kila mahali. Binti anayetembea kilomita nyingi kwenda shule, gizani asubuhi na gizani jioni, ana hatari nyingi za kweli njiani. Mpeni baiskeli, na siti yake mpimieni.

Nanyi mafundi, maana najua wake zenu huwasomea kona hii: wekeni kibandani kipande cha boksi, stuli ngumu na futi kamba. Mwanamke akija kusema siti inauma, msimwambie atazoea. Mpimeni kwa heshima, mpandishieni siti, mwiteni baada ya siku mbili mumuulize anaendeleaje.